Springi ya Upande wa Kushoto

Siku ya tisa tangu Babu wa Jiwe, sanamu ya kale ya kulinda kijiji, atoweke langoni mwa kijiji cha Saemal, mpelelezi Tak Yeong-bae alikwenda kwenye gereji ya Pyo Gil-su kutafuta vyuma chakavu.

Mkononi alikuwa na mambo mawili tu. La kwanza ni mkwaruzo. Kwenye daraja dogo la saruji, pale barabara inapotoka Saemal na kuanza kupanda, kulikuwa na mfuo mpya wa hatua tatu hivi. Ulikuwa mstari mmoja, umenyooka, upande wa kushoto wa gari lililokuwa likiondoka. Gari lilibeba mzigo mzito, likainama nyuma, likakwangua. La pili ni chembe za rangi ya buluu zilizobaki ndani ya mfuo. Hizo hazikumsaidia kitu, maana katika wilaya ile kumpata mkulima mwenye pikapu isiyo ya buluu ni kazi ya siku nzima.

Mkuu wa kituo yeye alishapata mtu wake. Chu Hyeon-tae, muuzaji wa vitu vya kale kule mjini, alikuwa na pikapu ya zamani, ya buluu, na springi za nyuma zilikuwa mpya zinang'aa. "Uzito wa jiwe umemvunjia springi, akakimbia kuzibadilisha," mkuu alisema asubuhi ile huku akigonga meza. "Kabla jua halijazama nataka awe ndani." Na Chu kwa kiburi chake alikuwa amekataa kujibu hata swali moja. Alisema tu kwamba polisi wa vijijini wakafukuze kuku.

Gereji ya Pyo ilikuwa palepale, nyuma ya soko, na ilinuka vilevile: grisi, dizeli, na viazi vitamu vilivyokuwa vikiiva juu ya jiko la chuma. Katikati palikuwa na pikapu kuukuu ya buluu, sehemu ya nyuma imeinuliwa juu ya stendi mbili, magurudumu yametolewa. Chini yake ilitokeza miguu ya mtu.

"Miguu hiyo naijua," Tak alisema. "Ilikuwa ikinuka kambi nzima."

"Koplo Tak!" sauti ikatoka chini ya gari. "Umekuja kunikamata mimi au gari?"

"Nitaanza na wewe, Kaka Pyo. Gari halina maneno mengi."

Pyo alijiburuta akatoka, mtu mfupi mwenye mabega mapana na nywele zilizokwisha kuwa za kijivu. Walikuwa wametumikia jeshi pamoja, miaka ishirini na saba iliyopita, katika kikosi cha usafirishaji kule kaskazini kwenye mpaka. Kazi yao ilikuwa kubadilisha springi za malori yaliyovunjika kwa baridi na kwa mashimo. Tangu wakati ule ilikuwa nadra sana kuitana vingine.

"Chu Hyeon-tae," Tak alisema. "Ulimfungia springi mpya?"

"Nilimfungia. Hata asante hakusema."

"Za zamani ziko wapi?"

Pyo alinyoosha kidole kuelekea ukutani. Pale palikuwa na lundo la springi za nyuma, zile za mabamba marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kupinda kama upinde. Kila jozi ilifungwa kwa waya, na juu yake Pyo alikuwa ameandika kwa chaki jina la mwenye gari na tarehe. Tak aliipata ya Chu. Aliitazama tarehe mara mbili.

"Hii ni wiki mbili zilizopita."

"Ndiyo siku aliyoileta."

"Jiwe limepotea siku tisa zilizopita."

"Basi hesabu mwenyewe. Mimi shule niliacha mapema."

Tak hakuridhika na chaki tu, kwa sababu chaki hufutika na kuandikwa upya. Alizilaza springi zote mbili sakafuni, akaomba uzi, akauvuta kutoka ncha hadi ncha, kisha akapima kwa kidole upinde uliobaki kati ya uzi na chuma. Ya kulia, upana wa vidole viwili. Ya kushoto, vidole viwili. Zilikuwa zimechoka pamoja, polepole, kwa miaka, kama mume na mke. Hapakuwa na ufa wowote. Na gari lenye springi mpya kabisa haliwezi kuinama nyuma hadi likwangue daraja.

"Huyu siye," alisema, akajifuta mikono.

"Sikitiko lako naliona usoni."

"Ningependa awe yeye. Ana mdomo mchafu."

Pyo alicheka, akarudi kwenye kazi yake. Tak angeweza kuondoka. Badala yake alisimama akiitazama ile pikapu, na kabla hajajua anafanya nini, akawa amevua koti na kulitundika kwenye msumari. Harufu ya dizeli iliyomwagwa juu ya nati zenye kutu ilikuwa imemshika. Aliiona tena ile karakana ya jeshi, theluji imefika kwenye vizingiti, na wao wawili wakigawana jozi moja ya glavu, Pyo ya kulia, yeye ya kushoto.

"Umezilowesha tangu lini?" aliuliza.

"Tangu asubuhi. Za kulia zimekubali, springi imeshatoka. Za kushoto zina kichwa kigumu. Shika hapa."

Tak alishika spana. Pyo aliingiza bomba refu kwenye mpini wake, wakavuta pamoja. Nati ya kwanza ililia, ikaachia. Ya pili ikaachia. Ya tatu ilikataa, na Pyo akawasha gesi, akaichoma hadi ikawa nyekundu kama jicho la mlevi. Hizo ndizo boliti ndefu zilizokunjwa kama herufi U, zinazoibana springi kwenye ekseli. Pyo alizitupa zote pembeni.

"Huzirudishi?" Tak aliuliza kwa kumchokoza.

"Boliti iliyokwisha kuvutwa mara moja haivutwi tena. Nani alikufundisha ujinga huo?"

"Wewe."

"Wakati ule serikali ilikuwa haina boliti nyingine. Weka jeki chini ya ekseli. Taratibu! Sasa gonga pini ya mbele."

Tak aligonga. Pini ilikuwa imeoteana kwa kutu na bushi yake, kile kibomba kinachoishika, na ilimchukua mapigo ishirini na kitu, jasho likimtiririka ingawa nje kulikuwa na ubaridi wa mwisho wa Oktoba. Ilipotoka, springi ya kushoto ilianguka sakafuni kwa kishindo.

Ilianguka vipande viwili.

Tak alipiga magoti. Bamba kuu, lile la juu kabisa, lilikuwa limekatika karibu na katikati, na bamba la chini yake pia. Alilisogeza kwenye mwanga wa mlangoni. Sehemu ya mkato ilikuwa nyeusi, kutu ya zamani iliyokomaa, ufa uliojificha hapo labda miaka miwili. Lakini sehemu iliyobaki, zaidi ya nusu, ilikuwa na kutu nyepesi ya rangi ya machungwa, kama vumbi la pilipili. Ukiisugua kwa kidole, chuma cheupe kinatokeza.

"Hii imevunjika majuzi," alisema. "Wiki moja. Siku kumi."

Pyo alikuwa anatafuta kitu ndani ya sanduku la spana, na alikuwa anakitafuta kwa muda mrefu mno.

"Ya kulia iko wapi?"

"Hapo nyuma yako."

Ya kulia ilikuwa imelegea kwa uzee, lakini nzima. Tak alivuta uzi. Vidole viwili na nusu. Kisha akaona kipande cha gogo la mperisimoni, mti wa matunda, kilichokuwa kimetupwa kando ya gurudumu, kimekandamizwa pande zote mbili. Mwenye gari alikuwa amekichomeka kati ya ekseli na chesi, fremu ya gari, ili aweze kutembea na springi iliyovunjika. Hiyo ni dawa ya wakulima wote. Tak aliinuka, akaenda nyuma ya gari. Kwenye kona ya kushoto, chini ya bampa, ndoano ya kuvutia gari ilikuwa imelika hadi ikang'aa, na rangi ya buluu imebanduka pembeni yake.

Alipanda juu ya bodi. Mbao za sakafu upande wa kulia zilikuwa safi. Upande wa kushoto zilikuwa zimebonyea, mbili zimepasuka, na ndani ya ufa alichomoa kwa ncha ya kalamu kipande kidogo cha kuvu kavu la kijivu, la aina inayoota juu ya mawe ya miaka mingi. Alikifunga kwenye karatasi.

Kilichomsumbua hakikuwa hicho. Mtu yeyote anayebeba jiwe zito hulilaza katikati. Mkulima anajua, hata mlevi anajua. Huyu alilibana jiwe kushoto kabisa, akaiacha nusu nzima ya kulia tupu, mpaka springi ikakatika. Kwa nini?

"Kaka Pyo."

"Naam."

"Winchi yako ya mnyororo, ile ya kuinulia injini. Inaning'inia pale. Mbona ndoano yake ina kamba ya majani ya mpunga? Injini siku hizi zinafungwa kwa majani?"

Pyo aliketi juu ya gurudumu. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Niliiazimisha," alisema hatimaye. "Sikuuliza ni ya nini."

"Hukuuliza?"

"Niliuliza. Akaniambia. Nikasema sijasikia." Alimtazama Tak machoni. "Yeong-bae, nisikilize. Huyu mzee amekuja leo kwa sababu maperisimoni yake yanaiva mtini na hana namna ya kuyafikisha sokoni. Alitaka nibadilishe ya kushoto tu. Nikamwambia ukibadilisha upande mmoja gari litatembea kama bata, zote mbili au niache. Basi. Hayo ndiyo ninayoyajua. Mengine muulize mwenyewe, huyo anakuja."

Mlangoni alikuwa amesimama mzee mwembamba, ameshika mfuko wa duka la dawa. Tak alimfahamu kwa sura: Maeng Sang-rok, mkulima wa maperisimoni kando ya bwawa, umri wake miaka sabini na moja. Mzee aliangalia springi iliyokatika sakafuni, akaangalia koti la Tak kwenye msumari, kisha akavua kofia.

"Afande amefika," alisema kwa utulivu.

"Nimefika, mzee wangu. Kaa karibu na jiko. Siku tisa zilizopita gari lako lilikuwa wapi?"

"Saemal."

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Walikuwa wamekwenda wote na basi kutazama majani ya vuli milimani. Mwenyekiti alinialika na mimi, kwa kuwa kwetu ni kijiji cha Neutigol kama wao. Nikasema mke wangu mgonjwa."

"Ukajua kijiji kitakuwa kitupu."

"Nikajua."

"Ulilipakia peke yako?"

"Magogo matatu na winchi. Kwa muda wa saa mbili nzima. Ujana wangu nilikuwa nafunga mihimili ya nyumba."

"Na umemuuzia nani?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoifahamu. "Kuuza? Babu wa Jiwe?"

"Basi liko wapi?"

"Kwangu. Njiani, mtu yeyote analiona. Polisi hawakupita tu."

Pyo alikohoa. Tak akaacha swali lake la kwanza, akauliza lile lililomkera.

"Kwa nini ulilibana kushoto?"

Mzee Maeng aliugeuzageuza mfuko wa dawa magotini. "Mama Jeong-ok, mke wangu, alikuwa kulia," alisema. "Siwezi kumwacha nyumbani peke yake siku hizi. Nilimleta, akakaa mbele vizuri. Lakini alipoliona jiwe liko juu ya gari, akashuka. Hakutaka kurudi mbele. Akapanda nyuma, akaketi karibu nalo, akalishika mkono. Nikamtandikia blanketi, nikalisukuma jiwe kushoto asije akabanwa. Pale darajani nikasikia chuma kimelia. Nikasema acha kilie."

Pyo akainuka, akachukua springi mpya, akasema kwa sauti ya kambini, "Koplo, simama! Gari hili halitajifunga lenyewe."

Wakazifunga. Tak aliinua ekseli kwa jeki kidogo kidogo, huku Pyo akiielekeza ile boliti ya katikati ya springi hadi ikazama ndani ya tundu lake. Boliti mpya za U zikapita, nati zikakazwa kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Pini za ncha walizifunga kwa kulegeza, wakarudisha shokapu na magurudumu, wakalishusha gari chini, na ndipo Pyo akaingia uvunguni kukaza zote kwa nguvu, gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nyuma ya pikapu iliinuka. Ilionekana kama imepunguza miaka kumi.

"Zitahitaji kukazwa tena ukishatembea kidogo," Pyo alimwambia mzee. "Leta mwenyewe. Kama utakuwa nje."

"Mwenye malalamiko lazima alitambue jiwe," Tak alisema akivaa koti. "Ndiyo taratibu. Tutampitia."

Mwenyekiti wa Saemal aliitwa Eom Bun-rye, mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mlima wa pili. Ndiye aliyepiga simu kituoni kila asubuhi kwa siku tisa. Tak alipomwambia tu kwamba jiwe limepatikana na nani analo, alipanda ndani ya pikapu akiwa na aproni bado, akaketi kati ya Tak na mzee Maeng, na hakunyamaza tena.

"Wewe! Baba Jeong-ok! Mzee mzima unaiba babu wa watu!"

"Nimekosa."

"Kijiji hakilali! Watu wanaumwa mgongo, wanasema ni kwa sababu lango liko tupu! Na ulipotakiwa kuhamia nasi ulikataa. Ukasema utabaki karibu na kaburi la baba yako. Sisi tukalibeba jiwe wenyewe, wewe hata kamba hukushika!"

"Sikushika, kweli."

Tak alitazama dirishani. Yeye siku ile alikuwepo. Mwaka sabini na sita, akiwa askari polisi kijana, alitumwa Neutigol kusimamia watu kuhamia Saemal kabla maji ya bwawa hayajakizamisha kijiji. Wanaume arobaini walilivuta jiwe juu ya magogo kwa kamba za majani ya mpunga, wakiimba, na wanawake walifuata nyuma na mitungi ya kimchi, kabichi iliyochachushwa, vichwani. Alikumbuka macho ya jiwe lile, makubwa, yametokeza, na pua kama kiazi. Alikumbuka pia kwamba hakuna aliyelia mpaka walipofika juu na kugeuka. Sasa barabara ilipinda, na bwawa likajitandaza chini yao, kijani, tulivu, halina hata alama ya paa.

"Hapa," mzee Maeng alisema, akasimamisha gari.

Njia tatu za udongo ziliingia kati ya miperisimoni, zote sawa, zote na ukuta mfupi wa mawe. Kwenye ya tatu, alisimama Babu wa Jiwe, urefu wa mtu, amechimbiwa vizuri, na miguuni pake kuna bakuli la maji safi.

Eom alishuka akiwa na maneno kinywani, lakini mzee Maeng aliinua mkono. "Tafadhali. Ni saa yake."

Kutoka barabarani alikuja bibi kizee mdogo, nywele zimefungwa nyuma kwa unadhifu, amejitwika kifurushi cha kitambaa. Alitembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa. Kwenye njia ya kwanza alisita, akatazama, uso ukamkunjamana kwa hofu. Akapita. Kwenye ya pili akasita tena, akageuka huku na huku, midomo ikimtetemeka.

"Kila siku anafungasha, anasema anarudi kwao Neutigol," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Nikimfungia mlango analia mpaka anatapika. Nikimwacha anapotea. Mwezi wa nane tulimtafuta siku mbili, tukamkuta ukingoni mwa maji, viatu amevua. Nyumba yetu haijui tena. Mimi mwenyewe ananiita mgeni. Lakini ukimwuliza kwenu wapi, anasema, fika kwa Babu wa Jiwe, halafu ingia."

Bibi kizee aliliona jiwe. Mabega yake yakashuka. Alilisogelea, akaligusa pua kwa kiganja, akasema kwa sauti nyepesi ya msichana, "Babu, nimerudi." Kisha akaingia njia ya tatu.

Hatua chache mbele alisimama, akageuka na kumkazia macho Eom.

"Wewe si kitinda mimba wa nyumba ya kinu?" alisema. "Mama yako amekuita mpaka sauti imekauka. Umezurura wapi? Njoo ule kwetu, nitamwambia ulikuwa unanisaidia."

Mama yake Eom alikuwa amefariki miaka thelathini na moja nyuma, na kinu kilikuwa chini ya maji. Yule mwanamke wa sauti kubwa alishusha mikono, akaifuta kwenye aproni.

"Nakuja, Mama Mkubwa," Eom alisema hatimaye. "Usinisemee kwa mama."

"Simsemei. Nawa mikono." Bibi akaendelea na njia yake hadi nyumbani, hakukosea hata hatua moja.

Tak alifungua jalada juu ya boneti. "Bibi Eom, wewe ndiye mlalamikaji. Nakuuliza rasmi. Hili ndilo jiwe lililopotea Saemal?"

Eom alilizunguka jiwe. Aliligusa bega, akagusa lile pengo la sikioni ambalo kila mtoto wa Neutigol aliwahi kuingiza kidole. Alijipangusa macho kwa aproni.

"Silo."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama! La kwetu lina pua kubwa kuliko hii. Na lilikuwa jeusi kidogo. Mpelelezi gani wewe, huwezi kutofautisha mawe mawili? Andika."

"Watu wa Saemal watasema nini?"

"Hao niachie mimi." Akamgeukia mzee Maeng, aliyekuwa amesimama kofia mkononi. "Na wewe. Mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka tutakuja kaya zote arobaini, na pombe ya mchele na keki, kulisalimia hili jiwe lako ambalo si letu. Ole wako tukute hujafagia. Na siku Mama Jeong-ok akishapumzika kwa amani, utatuletea mwenyewe mpaka langoni. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kwa mchana! Sisi tukiwepo!"

"Kwa mchana."

Aliondoka akipandisha njia ya tatu kumfuata bibi kizee, aproni ikipepea. Tak aliandika: Chu Hyeon-tae hahusiki, springi zake zilibadilishwa kabla ya tukio. Mlalamikaji ameoneshwa jiwe lililoko kando ya bwawa, amesema silo. Uchunguzi hauna mtuhumiwa mwingine. Alisoma tena. Ilikuwa taarifa mbaya, na mkuu angepiga kelele wiki nzima, lakini kila neno ndani yake lilisemwa na mtu. Akaweka tarehe, akatia saini.

"Afande," mzee Maeng alisema, "ingia basi. Nilipika asubuhi."

Ndani ya nyumba, juu ya meza ya chini, bibi kizee alikuwa amepanga mabakuli kumi na moja. Matatu yalikuwa na wali na mengine yote matupu. Eom alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono imelowa maji ya kunawa, na wawili hao wakiyataja moja baada ya jingine kwa majina ya watu wa Neutigol, hili la nani, na hili la nani, wakibishana kidogo, kila mmoja akimkumbusha mwenzake.